Mjukuu hunikanyaga mgongo, mkwe amepiga marufuku

BARUA

Dada, asalaam aleikum.

Mimi ni mama wa miaka 58, mjane, naishi Tanga mjini, huku Ngamiani. Kazi yangu ni vitumbua na mikate ya kumimina. Saa kumi alfajiri niko jikoni, na ikifika saa mbili asubuhi beseni limebaki mafuta tu. Kazi hii imenisomeshea wanangu watatu, siilalamikii. Lakini mgongo ndio unaolipa deni. Kila jioni nakaa juu ya mbuzi nikune nazi nne, siku za wageni hata sita, kisha niloweke mchele, niinue ndoo, na kulipokucha niiname kwenye jiko la mkaa. Kiuno kinaniuma mwaka wa saba huu.

Sasa nikwambie dawa yangu. Mjukuu wangu, mtoto wa mwanangu wa kwanza, ana miaka tisa na analala kwangu siku nyingi kwa kuwa wazazi wake wanatoka mapema. Tangu akiwa na miaka minne, tukishaswali isha natandika mkeka, nalala kifudifudi, naye anapanda mgongoni na kutembea. Anaanzia mabegani, anashuka hadi kiunoni, anageuka, anarudi. Na huku anatembea ananihadithia ya shuleni: nani kachapwa, nani kaficha kalamu ya nani, mwalimu gani kasinzia darasani. Dada, raha yake siwezi kukusimulia. Mifupa inalia ko, ko, ko, naona kama mtu amenifungua fundo. Nikitoka hapo nalala fofofo. Na si jambo la ajabu kwetu, mimi mwenyewe nilimkanyaga marehemu babu yangu mpaka nilipovunja ungo nikaambiwa basi.

Mke wa mwanangu ni muuguzi wa zahanati, mtoto wa watu, mwenye adabu, simsemi vibaya. Ila mwezi uliopita alikuja usiku kumchukua mtoto akatukuta katika shughuli yetu. Akasimama mlangoni akasema, mbele ya mtoto: "Mama, siku moja uti wa mgongo utavunjika, na lawama ataibeba huyu." Mtoto alishuka kama mwizi aliyemulikwa tochi. Tangu siku hiyo hapandi hata nikimbembeleza. Anakuja, anakula, anakaa mbali, anaondoka. Mwanangu nikimwambia anatazama simu.

Hapo hapo kukatokea jingine. Kuna binti amefungua chumba cha masaji njia ya Raskazone. Alifanya kazi hotelini Unguja miaka mingi na huko alifundishwa na Mhindi mmoja. Yeye anakanda kwa miguu! Amefunga kamba darini, wewe unalala chini kwenye godoro jembamba, anakupaka mafuta ya ufuta yenye uvuguvugu, anashika kamba na kukutelezesha unyayo toka bega mpaka kisigino. Anapokea wanawake peke yao. Rafiki yangu kaenda mara mbili, anasema katoka mwepesi kama sufi. Saa moja ni shilingi 35,000. Kwangu huo ni mtaji wa vitumbua. Mkwe aliposikia alicheka tu, akasema kukanyagwa ni kukanyagwa, ila huko unalipia.

Nikupe na habari nyingine usije ukaniuliza. Nina presha, nameza kidonge kimoja kila asubuhi. Kiuno kikizidi nameza diklofenaki za duka la dawa, siku hizi karibu kila siku. Nimenunua na mkanda wa kiuno wa 25,000, unanipa joto tu. Tangu Ramadhani maumivu yanashuka mguu wa kushoto mpaka kwenye kifundo, na mguu wenyewe umekuwa mzembe, ndala inanitoka njiani nisijue mpaka watoto wa mtaani wanipigie kelele: "Bibi, umeacha kiatu!" Wananicheka, nami nacheka nao, ndio uzee.

Naomba uniambie kweli. Mkwe ana haki, au ni kisomo kimemzidi? Mjukuu aendelee, au niende kwa yule binti wa kamba? Na huyu mtoto nitamrudishaje? Maana hilo la mwisho linaniuma kuliko kiuno.

Bibi wa Vitumbua, Tanga

JIBU

Dada yangu, aleikum salaam.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilicheka mpaka nikaweka chai chini, maana huyo mtoto anayekanyaga huku anatoa taarifa ya habari ya shule nimemwona kabisa. Mara ya pili nilifika kwenye ndala, nikakwama hapo.

Tuanze na ndala. Umeitaja mwishoni, kwa kicheko, katikati ya mkanda wa kiuno na watoto wa mtaani. Mimi nimefanya kazi ya fiziotherapia, yaani tiba ya viungo na misuli, miaka 26, na ningekuwa nimekaa nawe ningekuomba uyaache mengine yote unieleze hiyo ndala. Mtu hawezi kuvuliwa kiatu na barabara asijue. Vidole hubana ndala bila wewe kuviamrisha, na ngozi ya mguu hutoa habari mara inapogusa vumbi. Kwako vyote viwili vimenyamaza, tena mguu mmoja, tena uleule ambao maumivu yanashukia. Dada, huo si uzee. Wazee wangapi unawaona wamevaa ndala hadi msikitini na kurudi nazo?

Mishipa ya fahamu inayokwenda miguuni hutokea kiunoni, kila mmoja ukipita kwenye tundu lake kati ya pingili na pingili. Ule wa pingili ya tano ya kiuno ndio hasa unaoinua unyayo na kidole gumba, na ndio unaohisi sehemu ya juu ya unyayo. Kati ya pingili kuna kisahani cha gegedu. Kikitoka mahali pake kikaukandamiza mshipa huo, maumivu huteremka mguuni, kisha huja ganzi, kisha unyayo hulegea na kuburuta. Watu husema "pingili zimesagika" na kuishia hapo, lakini kuna tofauti kubwa kati ya kiuno kinachouma na mshipa unaozima. Inawezekana pia mshipa umebanwa chini zaidi, pembeni ya goti, kama inavyowapata watu wanaochuchumaa au kukunja miguu kwa muda mrefu, na wewe una mbuzi wako kila jioni. Inawezekana ni sukari, ingawa sukari kwa kawaida huanza nyayo zote mbili. Mimi kutoka huku siwezi kujua ni ipi. Daktari akiwa na kinyundo, pini na dakika kumi ataanza kujua.

Kwa hiyo nenda wiki hii. Usisubiri wageni waondoke. Hapo Tanga mna Bombo, hospitali ya rufaa ya mkoa. Ukifika usiseme "kiuno kinaniuma", utapewa dawa ya kiuno urudi nyumbani. Sema hivi: "Mguu wa kushoto umeishiwa nguvu na una ganzi, ndala inanitoka nisijue, tangu Ramadhani." Sentensi hiyo ndiyo itakayokuokoa kwenye foleni. Omba upimwe sukari hapohapo, na uulize kama unahitaji picha ya mgongo na fiziotherapia.

Na kuna hali nyingine ambayo hungoji hata asubuhi: mkojo ukigoma kutoka au ukitoka wenyewe, haja kubwa ikikuponyoka, ganzi ikiingia sehemu unazokalia, au miguu yote miwili ikilegea. Hapo unaamsha mtu mwenye pikipiki au gari usiku huohuo, kwa sababu mishipa ya chini kabisa inakuwa imebanwa yote kwa pamoja na kila saa inayopita ina bei yake. Mweleze daktari pia kama una homa za jioni, kama unatoka jasho usiku au kama nguo zimeanza kukupwaya. Kifua kikuu watu wanakijua kwa kikohozi, lakini hukaa na mgongoni.

Mpaka hapo utakapopimwa, asisimame mtu juu yako. Mjukuu, binti wa kamba, wala huyo rafiki yako mwepesi kama sufi.

Diklofenaki nayo. Kuimeza karibu kila siku huku una presha ni kumwaga maji upande mmoja na kuchota upande mwingine: dawa hizo hupandisha presha, hupunguza nguvu ya vidonge vyake, huchubua tumbo na huzichosha figo. Nenda na paketi mkononi umwonyeshe daktari. Mkanda wa kiuno mpe mtu afungie mzigo. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wake wa maumivu sugu ya kiuno Desemba 2023, na mikanda imo kwenye orodha ya vitu lisivyovipendekeza. Ukijihisi mpweke katika hili, shirika hilohilo linahesabu watu milioni 619 waliokuwa na maumivu ya kiuno mwaka 2020. Katika mwongozo huo kuna mazoezi, kuna elimu ya kujitunza, na masaji pia imo. Kwa hiyo kukandwa si ushamba, asikudanganye mtu.

Sasa mkwe. Ana haki, ila sababu aliyoitoa si yenyewe.

Babu yangu mzaa mama alikuwa mvuvi wa Pangani. Akirudi baharini alilala kifudifudi barazani, akatuita wajukuu kwa zamu. Alikuwa na masharti yake. Mgongo wake aliuita reli. "Tembea kando ya reli, usipande reli." Tulitakiwa kushika nondo za dirisha kwa mikono miwili, na anayeachia nondo alishushwa. Aliyezidi uzito wa pishi kadhaa, kwa kipimo alichokijua mwenyewe, alistaafishwa na kupelekwa kwenye mapaja, baadaye kwenye nyayo. Nilipostaafishwa mimi nililia. Miaka mingi baadaye, nikiwa chuoni, ndipo nilipogundua kwamba mzee asiyejua kusoma alikuwa amenifundisha karibu sheria zote za kukanda kwa miguu.

Maana sheria ya kwanza ni hiyo ya nondo. Huyo Mhindi aliyemfundisha binti wa kamba, kama kweli ana asili ya kazi hiyo, basi ujuzi wake ni wa Kerala, kusini magharibi mwa India, pwani ya Malabar. (Pwani hiyohiyo iliyotoa mbao za msaji za kuundia majahazi. Msaji na masaji ya miguu, vyote Malabar.) Huko wanaita chavitti uzhichil, yaani kukanda kwa kukanyaga, na ilikua pamoja na mchezo wao wa kupigana wa kalaripayattu na dansi ya kuigiza ya Kathakali. Kwenye chuo cha Kerala Kalamandalam, kilichoanzishwa mwaka 1930, vijana wa Kathakali hukandwa kwa miguu alfajiri katika miezi ya mvua kubwa, mwili ukiwa umepakwa mafuta, ili nyonga na mapaja yafunguke wapate kucheza. Mkandaji hujishikilia juu, na hapo ndipo penye siri yote: uzito wake unabaki mikononi mwake. Anakupa kilo tano, anaongeza kumi, anaondoa zote mara unaposhtuka. Kamba ile ni mizani. Wamarekani nao walipoanza masaji yao ya miguu wanayoiita ashiatsu, kwa maneno ya Kijapani ya mguu na mgandamizo, walifunga miti miwili darini kwa sababu ileile. Wathailand nao hutumia miguu, na huko kaskazini kwao wapo wanaochovya unyayo kwenye mafuta, wakaugusisha kwenye chuma cha plau kilichotiwa moto, ndipo wakuguse nao. Hiyo usimwambie mjukuu, ataijaribu.

Mjukuu wako hana kamba, dada. Ana miaka tisa, na mtoto wa umri huo ana kilo karibu thelathini. Alipokuwa na miaka minne alikuwa na nusu ya hapo, na wewe ulikuwa na miaka 53. Yeye ameongezeka, na mifupa yako, kama ya mwanamke yeyote aliyekoma hedhi, imekuwa ikipungua. Hamkugundua kwa sababu ni kila siku, kama vile mtu asivyoona kucha zake zinavyokua. Anapotembea, kuna wakati kilo zote hizo ziko juu ya kisigino kimoja, na kisigino cha mtoto ni kidogo kama kifuu. Akiyumba, au akifika kwenye hadithi tamu akaruka kidogo, uzito huo unazidi maradufu kwa nukta moja, tena usipopategemea. Chini ya mbavu za mwisho kuna figo. Mbavu hizo mbili za chini hazikushikana na chochote kwa mbele. Uti "hautavunjika" kama kijiti, hapo mkwe alizidisha chumvi. Lakini ubavu kupata ufa, au kisahani kilichokwisha kutoka kikasukumwa zaidi, hayo yanawezekana kabisa. Na ile ko, ko, ko isikufurahishe sana. Si mfupa unaorudi mahali pake. Ni vipovu vya hewa katika ute wa viungo, sawa na ukivunja vidole.

Raha uliyokuwa ukiipata, hata hivyo, ni ya kweli. Mwaka 1965 Ronald Melzack na Patrick Wall walieleza kwamba ndani ya uti wa mgongo kuna kitu kama mlango: habari ya kuguswa na kugandamizwa ikipita kwa wingi, habari ya maumivu hupata nafasi ndogo ya kupita. Ndiyo maana ukijigonga goti unalisugua kabla hujafikiri. Unyayo mpana na wa moto unaijaza njia hiyo vizuri kuliko kidole au kiwiko, ambavyo huchoma. Halafu umelala, umefumba macho, hakuna anayekudai chenji, na mtu unayempenda anakuhadithia. Misuli iliyokaza tangu alfajiri inaachia. Ila ukweli mwingine ni kwamba nafuu ya kukandwa ni ya muda. Wewe ulikuwa unaifuta kila jioni, kisha ukirudi kwenye mbuzi unaandika upya.

Basi twende kwa binti wa Raskazone. Simjui, simponzi. Daktari akikuruhusu, na mguu ukiwa umerudisha hisia, nenda kwanza ukazungumze naye kabla hujavua hata baibui. Msikilize anakuuliza nini. Mkandaji anayeijua kazi atataka kujua presha yako iko ngapi, dawa unazomeza, kama uliwahi kuanguka, kama una mshipa wa mguu uliovimba, kama mguu mmoja una joto na umejaa kuliko mwenzake. Hilo la mwisho si dogo. Damu iliyoganda mguuni ikikandwa inaweza kung'oka ikakimbilia mapafuni, na watu wamekufa hivyo. Akikuambia "lala tu mama, mimi nawakanda wote", rudi nyumbani na elfu zako 35. Tazama miguu yake pia. Visigino viwe laini, kucha fupi, katikati ya vidole pasiwe na fangasi, na aoshe mbele yako. Mwulize hapakanyagi wapi. Anatakiwa akujibu bila kufikiri: juu ya reli, shingoni, juu ya figo, nyuma ya magoti. Na mkubaliane neno la kusimamisha. Wanawake wa pwani tumelelewa kuvumilia tukikandwa, tangu kukandwa kwa maji ya moto baada ya uzazi, tunauma kanga na kunyamaza. Kwa mwenye kamba usinyamaze. Maumivu yanayokufanya uzuie pumzi si dawa.

Bei ni yako kuamua. Mimi ningekuwa na 35,000 ningezipeleka kwanza kwenye mbuzi. Sokoni kuna mashine za kukuna nazi, unatoa hela kidogo unarudi na nazi iliyokunwa. Najua utasema nazi ya mashine haina ladha ya nazi ya mkono. Mteja wa saa moja asubuhi anayekimbilia daladala hajui tofauti hiyo, wallahi. Jiko la mkaa lipandishe juu ya matofali hadi usawa wa kiuno, ndoo ijazwe nusu na ubebe mara mbili, na asubuhi ukishauza tembea robo saa, ukiwa na viatu vilivyofungwa.

Sasa la mjukuu, ambalo umelificha mwisho kama ndala.

Mtoto hakukataa mgongo wako. Ameambiwa kwamba akikugusa utavunjika na atakayelaumiwa ni yeye. Miaka tisa kwa neno hilo ni mingi? Anakaa mbali kwa sababu anakupenda na anaogopa. Hatarudi kwa kubembelezwa apande, ndiyo kwanza unamzidishia hofu. Kaa naye umwambie wazi kwamba hakuna alichokosea, kwamba mgongo ulikuwa mgonjwa tangu zamani, na yeye alikuwa anausaidia kwa namna aliyofundishwa. Umwambie na mwingine akiwa anasikia, mama yake.

Na mkwe umwite kabla hujaenda hospitali. Usimwite kwa kesi. Mwite kama muuguzi. Mwambie: "Mwanangu, nitazame mguu." Tembea mbele yake kwa visigino, vidole vikiwa juu, hatua kumi, kisha kwa vidole, ukishika ukuta. Atakachokiona kwenye mguu wa kushoto kitamnyamazisha kicheko, na nadhani yeye ndiye atakayekusindikiza Bombo. Huenda alikwisha kuona unavyoburuta mguu, ndiyo maana aliropoka pale mlangoni. Watu wa hospitali tukiogopa tunakuwa wakali, nasema kwa kujijua. Mbele ya mtoto hakufanya vizuri, na hilo unaweza kumwambia mkiwa wawili njiani, kwa upole, baada ya yeye kukubebea mkoba.

Ukisharuhusiwa kukandwa, mjukuu ana kazi yake tena, lakini si mgongoni. Wewe umelala kifudifudi na mto mwembamba chini ya tumbo, yeye amekaa kitako kwenye kigoda, uzito wake uko kwenye kigoda, na anasukuma mapaja na makalio yako kwa nyayo zake kama anayeendesha baiskeli polepole. Mafuta ya nazi kidogo, taulo juu yake. Hadithi za shule ziendelee kama kawaida, hizo hazina kilo. Na kabla ya hapo, jioni, mbuzi akalie yeye. Nazi mbili anaziweza.

Niandikie wamesemaje Bombo. Na leo hii, kabla hujatoka kwenda popote, tafuta viatu vyenye mkanda wa nyuma.